Miezi mitatu haikutimia: majibu ya maswali yenu kuhusu Inter-American League

Makala yangu iliyopita kuhusu Inter-American League imeleta maswali mengi, nami nimechagua yale ambayo majibu yake yana faida kwa zaidi ya mtu mmoja. Kwa aliyeikosa: hii ni ligi ya besiboli iliyofungua msimu wake wa kwanza na wa mwisho Aprili 1979, mwezi uleule ambao Kampala iliangukia mikononi mwa majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda, kisha ikavunjika tarehe 30 Juni mwaka huohuo. Timu zilikuwa sita: Amigos wa Miami, Metropolitanos wa Caracas, Petroleros wa Maracaibo, Banqueros wa Panama, Azucareros wa Santo Domingo na Boricuas wa San Juan, Puerto Rico. Mwanzilishi wake alikuwa Mcuba, Roberto Maduro, aliyejulikana kote kwa jina la Bobby.

Ni mvua iliyoiua ligi hii, au ni kukosa watazamaji? (Msomaji, Dodoma)

Mvua haiui ligi. Mvua inazaa viporo, na kila kiporo kinataka hela: usiku mmoja zaidi hotelini, chakula cha kikosi kizima, tiketi za ndege za kubadilishwa tarehe. Ligi yenye akiba inacheza viporo vyake na kusonga mbele. Isiyo na akiba inayumba kwenye kiporo cha kwanza.

Watazamaji ni kweli walikuwa haba, na jambo hilo halikupaswa kumshangaza yeyote aliyeijua Karibi. Katika nchi zile besiboli ina majira yake, nayo ni Oktoba hadi Januari, wakati ligi kubwa za Marekani ziko mapumzikoni na nyota wa Venezuela, Jamhuri ya Dominika na Puerto Rico wamerudi kucheza kwao. Ligi ya Puerto Rico ilianza 1938, ya Venezuela katikati ya miaka ya 1940, na mwaka 1949 mabingwa wa nchi za ukanda huo walianza kukutana katika Serie del Caribe. Shabiki wa Caracas au San Juan amekulia humo. Sasa mwaka 1979 anaambiwa aje uwanjani mwezi Mei, mvua zimeanza, nyota wake wote wako kaskazini, na anaowakuta uwanjani ni watu walioachwa na timu kubwa au ambao hawajawahi kuitwa. Tena alipe kiingilio. Wengi walibaki nyumbani, na siwalaumu.

Ongeza safari. Ligi ndogo za Marekani zimejengwa juu ya basi. Timu inamaliza mechi usiku, wachezaji wanalala vitini, asubuhi wako mji mwingine. Basi haliendi Caracas. Kutoka Miami hadi huko ni zaidi ya kilomita 2,000 za bahari, na ratiba iliandikwa kwa mechi 130 kwa kila timu. Huo ndio mwaka wa mapinduzi ya Iran, bei ya mafuta ikipanda mwezi hadi mwezi. Ndege zilichelewa, timu zikafika zimechoka au hazikufika kabisa, viporo vikarundikana.

Lakini kiini nilikieleza na nitakieleza tena, kwa sababu ndicho ambacho waanzilishi wa ligi, huko na huku kwetu, hawataki kukisikia. Timu ya kawaida ya ligi ndogo Marekani ina timu mama katika ligi kuu. Timu mama ndiyo inayolipa mishahara ya wachezaji na makocha. Mwenye timu ndogo anabaki na uwanja, ofisi na sehemu kubwa ya gharama za safari, na mapato ya mlangoni yanaweza kuzibeba. Inter-American League ilipewa daraja la AAA, la juu kabisa kati ya ligi ndogo, bila timu mama hata moja. Kila mwenye timu alibeba gharama zote: mshahara, nauli, hoteli, vifaa, bima, uwanja. Akabebesha mzigo huo mapato ya mlangoni peke yake, katika miezi ya mvua. Katikati ya Juni, Panama na Puerto Rico wakajitoa. Wanne waliobaki walijikokota wiki mbili.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Dodoma, ligi hii iliuawa na ukata uliojulikana kabla ya mpira wa kwanza kurushwa. Mvua na viti vitupu vilikuja baadaye.

Nani alichukua ubingwa? (Wengi mno)

Miami, kwa ushindi 51 na vipigo 21. Fainali haikuchezwa. Mambo yote mawili yalikuwa kwenye makala, aya ya pili. Naomba tusome kwanza kabla ya kuuliza.

Hapa jijini wazee wanasema timu yetu ya zamani ilifungwa Havana mbele ya Fidel Castro na askari wenye bunduki. Ni hadithi tu, na je, inahusiana na huyu Maduro? (Msomaji, Minneapolis)

Wazee wako wanasema kweli, na inahusiana moja kwa moja. Ahsante kwa swali hili, maana bila Havana huwezi kuelewa kwa nini mtu mwenye akili timamu alianzisha ligi ya 1979.

Maduro alizaliwa Havana katika familia ya kitajiri, akasoma Marekani, na mwaka 1946 yeye na mwenzake walifungua Gran Stadium, uwanja wa kuingiza watu zaidi ya 30,000, ambao leo unaitwa Estadio Latinoamericano. Mwaka 1954 akaingiza timu yake, Havana Sugar Kings, katika International League, ligi ya daraja la AAA iliyokuwa na timu za Marekani na Kanada. Ndoto yake ilikuwa wazi, na kaulimbiu ya timu iliitangaza: *Un paso más y llegamos*, yaani hatua moja zaidi na tumefika. Alitaka Havana iwe mji wa ligi kuu. Timu yake ilikuwa na uhusiano na Cincinnati, kwa hiyo nguzo ile niliyoitaja hapo juu, ya timu mama, wakati ule alikuwa nayo.

Mapinduzi yalipoingia Januari 1959 timu haikusimama. Usiku wa kuamkia Julai 26 mwaka huo, siku kuu ya harakati za Castro, watu ndani na nje ya uwanja walipiga risasi hewani kushangilia. Risasi zikarudi chini. Moja ikampiga kichwani Frank Verdi wa timu ya Rochester, akaokolewa na kinga ya plastiki iliyokuwa ndani ya kofia yake. Nyingine ikamparuza begani Leo Cárdenas wa Havana. Rochester walifungasha wakaondoka.

Pamoja na hayo, Sugar Kings walimaliza msimu kwa kutwaa ubingwa wa ligi yao, na wakapangiwa Minneapolis Millers katika Junior World Series, mfululizo wa mechi saba kati ya mabingwa wa ligi mbili. Kwenu kulikuwa na baridi kali kiasi kwamba baada ya mechi mbili za mwanzo mfululizo wote ulihamishiwa Havana. Askari wenye silaha walizunguka uwanja, Castro alikuwepo, na Havana walishinda mechi ya saba kwa 3–2 katika zamu ya mwisho ya kupiga. Katika kikosi cha Minneapolis alikuwemo kijana Carl Yastrzemski, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa nyota wakubwa wa timu ya Boston. Ukutane na wazee hao uwarekodi wakati bado wapo.

Julai 1960, serikali ya Castro ikitaifisha mali za Wamarekani na uhusiano ukizidi kuharibika, ligi iliiondoa timu Cuba ikiwa ugenini na kuipeleka Jersey City. Maduro alipoteza timu, uwanja na mali ya familia. Alihamia Marekani, akafanya kazi kwa miaka mingi katika ofisi ya kamishna wa besiboli akishughulikia uhusiano na Amerika ya Kilatini. Ligi ya 1979 ilikuwa njia yake ya kuirudia ile hatua moja iliyobaki. Alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 60.

Namheshimu Maduro kuliko waanzilishi wengi wa ligi ninaowajua. Alijua besiboli, alijua Karibi, alijua jinsi ya kuendesha timu. Ndiyo maana kuanguka kwake kunafundisha zaidi: kama mtu mwenye ujuzi ule alishindwa kwa kukosa akiba, mwenye nembo nzuri na kipaza sauti atafika wapi? Alifariki 1986, na mwaka uliofuata uwanja wa Miami ambao Amigos walichezea ulipewa jina lake. Ulibomolewa 2001.

Besiboli si ni kriketi tu ya Wamarekani? (Msomaji, Mombasa)

La.

Timu yenye ushindi 51 na vipigo 21 ilishindwaje kuijaza Miami? Na kocha wake alienda wapi? (Msomaji, Arusha)

Ilishindwa kwa sababu ilikuwa nzuri mno peke yake. Ligi ina thamani pale matokeo hayajulikani. Kama katika mwezi wa pili wa msimu Amigos wako mbele kwa umbali ule, anayekwenda uwanjani anakwenda kuangalia nini? Na timu nyingine hazikuwa na hela ya kusajili ili ziwakaribie. Kwetu tunalijua hili vizuri sana: ligi ambayo bingwa wake anajulikana Desemba inawaumiza hata hao mabingwa.

Kocha ni habari nyingine kabisa, na ndiye sababu inayofanya ligi hii itajwe hadi leo. Davey Johnson alikuwa ametoka kustaafu kucheza mwaka uliotangulia. Alikuwa beki wa kituo cha pili wa Baltimore miaka yao ya ubabe, mwaka 1973 akiwa Atlanta alipiga mipira 43 ya kuvuka uzio, akacheza Japani na Yomiuri Giants, akarudi kumalizia Marekani. Miami ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza ya umeneja. Alikuwa amesoma hisabati chuoni, na tangu akiwa mchezaji alikuwa akitumia kompyuta kutafuta mpangilio bora wa wapigaji, wakati ambapo makocha wengi hawakuwa wamewahi kuigusa.

Ligi ilipovunjika angeweza kuachana na ukocha. Mwaka 1981 alichukua timu ya Jackson, Mississippi, iliyokuwa chini ya New York Mets, timu ya ligi kuu, akatwaa ubingwa wa Texas League. Mwaka 1983 akapandishwa Tidewater, daraja la AAA, akatwaa ubingwa tena. Mwaka 1984 akapewa Mets wenyewe, na 1986 akawapa World Series, ubingwa wa ligi kuu ya Marekani. Kuna jambo ambalo mashabiki wa Mets wanalikumbuka: mwaka 1969, Mets walipochukua World Series yao ya kwanza, mpigaji wa mwisho kutolewa, aliyeupiga mpira juu ukadakwa na Cleon Jones, alikuwa huyuhuyu Johnson akiwa Baltimore.

Nasisitiza kitu kimoja kwa vijana wanaosomea ukocha, ingawa msomaji hakuuliza. Johnson hakuwa na msaada wowote pale Miami. Kikosi cha kuokoteza, ndege zinazochelewa, ligi inayotetereka. Alishinda mechi saba katika kila kumi. Ukipewa timu ndogo yenye matatizo, ifundishe kama vile inatazamwa na dunia nzima. Kuna watu huwa wanaangalia.

Umesema viza zilisumbua. Viza zinaweza kuvuruga ligi nzima kweli? (Msomaji, Kampala)

Wewe wa Kampala ndiye unapaswa kunifundisha mimi. Mwaka 2011 watoto wa kwenu walifuzu kwenda Williamsport, Pennsylvania, kwenye Little League World Series, mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto, wakiwa timu ya kwanza ya Afrika kufuzu. Wakanyimwa viza kwa sababu nyaraka za umri hazikulingana. Watoto wakabaki nyumbani na nafasi yao ikachezwa na wengine. Mwaka uliofuata timu ya Lugazi ikafika, ikawa ya kwanza kutoka Afrika kucheza mashindano yale, na ikaifunga timu ya Oregon.

Hapo ni safari moja ya timu moja. Sasa chukua ligi ya timu sita. Ni jozi mbili tu zilizoweza kutembeleana bila kuvuka mpaka wa nchi: Caracas na Maracaibo, ambazo zote ziko Venezuela, na Miami na San Juan, kwa sababu Puerto Rico iko chini ya Marekani. Safari nyingine zote zilipita uhamiaji. Vikosi vilikuwa na watu wa mataifa mbalimbali, kila mmoja na pasi yake na masharti yake. Mrushaji wako akizuiwa uwanja wa ndege, mechi ya kesho unaianza na mtu aliyerusha jana, bega lake halijapoa.

Kwa viongozi wa vyama vya michezo wanaosoma hapa: tengenezeni vyeti vya kuzaliwa vya watoto mapema, na viwe vya kweli. Kughushi umri ni kumwibia mtoto mwingine safari yake. Uganda imekwisha kuonyesha kwamba mlango upo. Mwaka 2022 Los Angeles Dodgers, timu ya ligi kuu ya Marekani, walisajili warushaji wawili vijana kutoka huko. Mtoto mwenye kipaji akikwama kwa karatasi, aliyemkwamisha ni mtu mzima.

Kwa nini hawakutafuta tu wadhamini? (Msomaji, Iringa, na wengine)

Hilo "tu" ndilo linalonikera. Mdhamini anakuja kwenye kitu kinachoonekana na watu wengi. Ligi mpya haina wanaoiona, kwa hiyo mdhamini anasubiri. Ligi nayo inamsubiri mdhamini. Wakati wanasubiriana, hoteli inataka hela yake Ijumaa.

Tena somo hili lilikuwa limekwisha kutolewa miaka kumi nyuma, katika ukanda uleule. Mwaka 1969 mfanyabiashara wa Indiana, Walter Dilbeck, alianzisha Global League. Alikuwa na timu za Marekani, Japani na Amerika ya Kilatini. Kamishna alikuwa Happy Chandler, aliyewahi kuwa kamishna wa besiboli yote ya Marekani na gavana wa Kentucky. Makocha walikuwemo watu wenye majina makubwa kama Johnny Mize na Enos Slaughter. Vitu vyote vya kuwaonyesha waandishi wa habari vilikuwepo. Mechi zikaanza Venezuela, hela ikakatika, na wachezaji wakakwama hotelini Caracas na bili ambazo hazikulipwa. Vijana wa Kijapani waliokuja upande wa pili wa dunia kucheza mpira walibaki wakihangaika namna ya kurudi kwao.

Kila nikiandika kuhusu ligi mpya, mtu ananiuliza kuhusu wadhamini, na ni nadra mtu kuuliza kuhusu tiketi za kuwarudisha wachezaji. Tuanze kuuliza hilo la pili.

Ligi mpya ya besiboli ya hapa Ghuba, ile ya Dubai, nayo si itaishia hivyohivyo? (Msomaji, Muscat)

Baseball United ilianza na mechi za maonyesho Novemba 2023 katika uwanja wa kriketi wa Dubai. Kuna jambo moja wamelifanya ambalo Maduro hakulifanya: timu zao zina majina ya Mumbai na Karachi, lakini zinakusanyika na kuchezea mji mmoja. Nauli, hoteli na viza vinashughulikiwa mara moja. Huo ni uamuzi wa busara. Udhaifu wake ni kwamba mtu wa Karachi hawezi kwenda uwanjani kuiona timu ya Karachi, na timu isiyo na wenyeji ni vigumu kupata moyo wa watu. Kuwa na jiji la mashabiki bila nauli, au kuwa na nauli bila jiji la mashabiki: wao wamechagua la pili, na kwa mwanzo mimi ningechagua hivyohivyo. Nenda ukaangalie mechi moja, kisha utuandikie.

Wachezaji walipata wapi pa kwenda ligi ilipovunjika? Walilindwa na sheria yoyote? (Msomaji, Nakuru)

Fikiria tarehe yenyewe. Juni 30 msimu wa Marekani uko katikati. Timu zote zina vikosi vilivyojaa. Aliyesaini mkataba wa mechi 130 amecheza takriban nusu yake, na aliyesaini naye hayupo tena. Mkataba ni ahadi ya taasisi. Taasisi ikifa, unabaki na karatasi. Wachache wenye majina walipata nafasi kwingine, na kwa wengine wengi huo ukawa mwisho wa maisha yao ya mpira. Wengi walikuwa na miaka thelathini na kitu, wameacha familia nyumbani, wamekuja kujaribu mara ya mwisho.

Kuhusu sheria, wachezaji wa ligi ndogo Marekani walikaa miongo mingi bila chama cha kuwatetea. Chama cha wachezaji wa ligi kuu kilikuwa na nguvu tangu miaka ya 1960 na 1970, lakini hakikuwahusu hawa wa chini. Matokeo yake, vijana walifanya kazi kwa mishahara isiyotosha hata kulipia kodi ya nyumba, na mazoezi ya kabla ya msimu hayakulipwa kabisa. Mwaka 2014 baadhi yao walikwenda mahakamani, na mwaka 2022 ligi kuu ilikubali kulipa dola milioni 185 kumaliza kesi. Septemba mwaka huohuo wachezaji wa ligi ndogo wakaingia katika chama. Mkataba wa kwanza wa pamoja ulifikiwa 2023, na kima cha chini cha daraja la AAA kikapanda kutoka dola 17,500 hadi 35,800 kwa mwaka. Cha daraja la chini kabisa kilitoka 4,800 hadi 19,800.

Angalia hizo tarakimu kwa makini. Ligi kuu yenye mapato ya mabilioni ya dola ilimlipa kijana dola 4,800 kwa mwaka hadi alipopata chama. Kabla ya hapo, mwaka 2021, ligi kuu ilipunguza timu zake ndogo kutoka 160 hadi 120, na miji mingi midogo ikapoteza timu iliyokuwa nayo kwa vizazi. New York–Penn League, iliyoanza 1939, ilifutwa katika mpango huohuo. Kwa hiyo asikwambie mtu kwamba ligi ndogo hufa kwa uzembe wa wenyewe tu. Nyingine zinauawa na wakubwa kwa kalamu.

Na huku kwetu? Wachezaji wangapi wa soka wa madaraja ya chini, Kenya na Tanzania, wanadai malimbikizo ya mishahara wakati nasoma swali lako? Wanaambiwa wavumilie kwa kuwa wanapenda mpira. Kupenda kazi hakumwondolei mtu haki ya kulipwa. Mchezaji anayesoma hapa: usisaini mkataba ambao hujapewa nakala yake, na usisafiri kwenda ligi ya nchi nyingine bila tiketi ya kurudi ikiwa mkononi mwako wewe, si kwa kiongozi wa msafara.

Je, ni kweli ligi hii haikuacha chochote? (Msomaji, Bukavu)

Si kweli. Ilimwachia Mets kocha, na wazo la kwamba miezi ya kiangazi cha kaskazini inaweza kuchezewa mpira wa kulipwa Karibi lilirudi kwa sura nyingine. Mwaka 1985 ilianzishwa Dominican Summer League, ambayo ipo hadi leo. Hiyo ina timu za nchi moja, zinasafiri kwa basi, na mishahara inalipwa na timu za ligi kuu. Tofauti zote tatu ni zile nilizozieleza kwa wasomaji wa Dodoma na Kampala. Wale vijana wawili wa Uganda walipelekwa kuanzia hukohuko.

Shikamoo. Mimi na wenzangu tunataka kuanzisha ligi ya besiboli ya Afrika Mashariki, miji mitano, kuanzia mwakani. Tumeshatengeneza nembo na jezi. Tunaomba ushauri na ututangaze. (Msomaji, Mwanza)

Marahaba, mdogo wangu. Nafurahi mno kwamba mnapenda mchezo huu, na kwa sababu hiyo nitakujibu bila kukuficha kitu.

Sitawatangaza. Umenitajia nembo, jezi na miji mitano, hukunitajia hela hata kidogo. Hivyo ndivyo Global League ilivyoanza. Miji mitano ya Afrika Mashariki maana yake ni mipaka, mabasi ya usiku kucha au ndege, hoteli, na vijana walioacha shule au kazi kuwafuata. Mechi ya kwanza ikiahirishwa Kisumu kwa mvua, nani analipa usiku wa pili?

Besiboli ya shule ipo Tanzania, na Wajapani wamesaidia kwa miaka kadhaa kuikuza. Anzeni hapo. Timu nne za mji mmoja, uwanja mmoja, siku za Jumamosi, miezi miwili. Msimu uwe mfupi kuliko uwezo wenu, muumalize mkiwa na hela iliyobaki. Makocha walipwe hata kama ni kidogo, na walipwe siku mliyosema. Magongo na glavu viwe mali ya ligi, visiwe mali ya mtu mmoja anayeweza kukasirika akaondoka navyo. Mwaka wa pili ongezeni mji mmoja unaofikika kwa basi la mchana.

Kabla ya kumwita mchezaji yeyote kutoka nje ya mji wenu, wekeni benki, katika akaunti isiyoguswa na kiongozi mmoja peke yake, hela ya mambo matatu: mishahara au posho za msimu mzima, tiketi za kila mtu kurudi kwao, na viporo. Kisha niandikie tena, uambatishe barua ya benki. Siku hiyo nitawatangaza, na nitakuja Mwanza kuangalia mechi ya kwanza kwa nauli yangu.